Kabla Hujapanda Boti Kwenda Ngamba

Wageni wanaokuja Entebbe kutoka Mwanza, Nairobi au Kigali huanza kuniuliza habari za kamera: lenzi gani, betri ngapi. Mimi huwauliza kama kuna anayekohoa. Swali hilo huwashangaza, maana wengi hawajaambiwa kwamba anayeweza kuleta madhara makubwa kisiwani ni mgeni mwenyewe.

Ngamba ni kisiwa kidogo cha hekta 40 hivi katika Ziwa Viktoria, kilomita 23 kutoka Entebbe. Tangu 1998 kimekuwa makao ya sokwe yatima. Wengi wao mama zao waliuawa na wawindaji, wao wakakamatwa wakiwa wachanga ili wauzwe, kisha wakaokolewa. Leo wako wapatao 50. Sokwe hawajui kuogelea, kwa hiyo maji yanawalinda kuliko ukuta wowote. Ila maradhi yakishaingia, maji hayo hayo yanawanyima pa kukimbilia.

Kwa hiyo maandalizi yaanzie mwilini mwako, wiki moja kabla. Mwaka 2013, katika msitu wa Kibale magharibi mwa Uganda, kundi la sokwe la Kanyawara lilipatwa na ugonjwa wa kifua uliosababishwa na rinovirusi C. Kwa binadamu kirusi hicho kwa kawaida huleta mafua tu, yale tunayoyatibu kwa chai ya tangawizi. Sokwe watano walikufa. Nikikumbuka hilo siwezi kumwambia mtu mwenye kikohozi kwamba ajikaze tu aende. Mafua, homa, kuhara, vidonda vya mdomoni: yoyote kati ya hayo yatosha kuahirisha safari.

Nalisema hili nikijua uchungu wake. Mpwa wangu aliamka na mafua siku moja kabla ya safari, mkoba umeshafungwa na pesa zimeshalipwa. Dada akaniambia, "Kaka, hilo ni vumbi tu la Kampala." Mtoto analia, mama yake ananitazama. Nikapiga simu kwa waandaaji, nikawaeleza ukweli, wakatusogezea tarehe kwa wiki tatu. Tangu siku ile, jambo la kwanza ninalouliza kabla ya kulipa ni hili: mgonjwa akiahirisha, pesa zake zinakuwaje? Uliza pia umri wa chini wa watoto, na chanjo zinazotakiwa kwa anayetaka kulala kisiwani. Majibu uyapate kwa maandishi. Chukua barakoa za kutosha kwa kila mtu, hata kama umeambiwa utapewa huko.

Kuhusu mpaka nitasema machache. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu 2016 kinadumu maisha yote, basi usikimbilie sindano siku moja kabla ya safari. Wakenya na Wanyarwanda huweza kuingia kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania aje na hati ya kusafiria. Uliza bei ya safari kwa raia wa Afrika Mashariki. Dawa za kuzuia malaria zungumza na daktari wako mapema, na dawa ya kufukuza mbu usiisahau.

Sasa ziwa lenyewe. Sisi wa kando yake tunaikumbuka meli ya MV Bukoba iliyozama 1996, na mwaka 2018 ulituletea misiba miwili. Septemba MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara wakafa zaidi ya watu 200, na Novemba boti ya starehe ikazama upande wa Mukono wakafa zaidi ya 30. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimepakia kupita kiasi. Basi kwenye mwalo hesabu watu, hesabu na maboya. Jaketi la kuokolea livae na ulifunge kamba zote kabla injini haijawashwa, na la mtoto liwe la kimo chake. Nahodha akikwambia majaketi yako chini ya viti na mtayatoa mkihitaji, shuka. Sijali umelipa kiasi gani.

Saa ya kuondoka nayo ina hesabu zake. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, upepo wa pande zote ukaelekea katikati ya ziwa, hewa yenye unyevu ikapanda juu, na ngurumo zikaanza. Ndiyo maana dhoruba nyingi za ziwani hupiga kuanzia usiku hadi alfajiri. Alasiri upepo unageuka kuelekea nchi kavu na mawimbi hukua. Nafasi nzuri imebaki katikati, tangu saa tatu asubuhi hivi. Wageni wa kutwa kwa kawaida hushuhudia sokwe wakilishwa saa tano asubuhi au saa nane na nusu mchana. Mimi huchagua saa tano, ili niwe nimerudi kabla ziwa halijachafuka. Boti ya kasi haifiki saa moja. Mtumbwi wa injini huchukua saa moja na nusu. Ukiweza, epuka masika ya Machi hadi Mei. Juni hadi Agosti, au Desemba hadi Februari, mvua huwa chache zaidi.

Utavuka ikweta ukiwa majini, na jua la hapo halina huruma hata penye upepo. Kofia yenye kamba, shati la mikono mirefu, na simu ndani ya mfuko usiopitisha maji. Usiingize miguu kwenye maji ya kina kifupi yenye magugu, kwani konokono wa humo ndio wabebaji wa kichocho.

Ukifika utawatazama sokwe kutoka jukwaani, ng'ambo ya uzio wa umeme. Hulishwa kwa sababu msitu wa hekta 40 hauwezi kuwashibisha wote, na kwa sababu hiyo hiyo majike huwekewa dawa ya kuzuia mimba. Kwa hiyo mwandae mtoto mapema asije akitarajia vichanga. Usile chochote mbele yao, wala usirushe hata ganda la ndizi. Mpwa wangu alimtazama sokwe mmoja muda wote wa kulishwa, aliyekuwa akinyoosha mkono kuomba tunda, kisha akilidaka bila kuangalia. Kamera hakuigusa.

Wengi wakishawaona sokwe hufunga mikoba, nami huwasikitikia. Kisiwa kimerekodiwa aina zaidi ya 120 za ndege. Kwazi hulia juu ya miti mirefu, mdiria huning'inia hewani kabla ya kujitosa, minandi hukausha mabawa kwenye mawe, na kenge hujianika karibu na gati. Darubini yenye ukuzaji wa mara 8 inatosha, na daftari dogo ni bora kuliko simu, maana jua hufifisha kioo chake.

Mwenye siku za ziada avuke hadi Ssese, visiwa 84. Feri ya kwenda Bugala, kisiwa kikubwa kuliko vyote humo, huondoka mwalo wa Nakiwogo, Entebbe, alasiri, na safari ni kama saa tatu na nusu, kwa hiyo ni lazima ulale. Ujue kwamba sehemu kubwa ya msitu wa Bugala imegeuzwa mashamba ya michikichi tangu miaka ya 2000. Mimi huumia kila nikiuona. Muulize mwenyeji wako njia ya kwenda kwenye msitu uliobaki, ndiko waliko hondohondo na tumbili. Na kama unamtaka korongo nyangumi, yule ndege mwenye mdomo kama kiatu, huyo hayuko Ngamba: nenda kinamasi cha Mabamba alfajiri, kwa mtumbwi mdogo, na umtengee siku yake peke yake.