Yoga ya kitini kwa wenye kisukari waliokufa ganzi miguu

Somo hili ni la mwenye kisukari ambaye miguu imeanza kufa ganzi, inawaka moto usiku au inachomachoma. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, na kwa kawaida huanza na ile mirefu kuliko yote. Ndiyo maana vidole vya miguu hutangulia, mikono ikafuata baadaye. Yoga haifufui mishipa iliyokwisha kufa, na anayekuahidi hivyo usimsikilize. Itakachokusaidia ni kuipa miguu nguvu, kupunguza kuyumba na kuufanya mwili utumie sukari vizuri zaidi. Kwa mtu anayetembea akiogopa kuanguka, hilo si jambo dogo.

Hatua ya 1: Kagua miguu. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanaporuka. Mguu usiohisi hauwezi kukuonya, kwa hiyo macho na mikono ndiyo yaifanye kazi hiyo. Vua soksi penye mwanga. Tazama unyayo, kisigino na katikati ya kila kidole. Kama huwezi kuukunja mguu, weka kioo sakafuni au mwombe mtu wa nyumbani akutazamie. Ukiona kidonda, lengelenge, au sugu iliyovilia damu, leo husimami: fanya ya kukaa tu, tena bila kukandamiza mahali hapo, na umwone mhudumu wa afya. Kisha gusa miguu yote miwili kwa mgongo wa mkono. Mmoja ukiwa wa moto, mwekundu na umevimba kuliko mwenzake, hata kama hauumi, acha mazoezi yote, usiukanyagie, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mifupa ya mguu wenye ganzi inaweza kuvunjika bila mwenyewe kujua.

Walimu wengi wa yoga hufundisha pekupeku. Wewe vaa viatu vya kukutosha vyenye soli isiyoteleza, na kabla ya kuvivaa pitisha mkono ndani utafute kokoto.

Hatua ya 2: Kama unatumia insulini au vidonge vinavyoweza kushusha sukari mno, kama glibenklamidi, pima kwanza. Ikiwa chini ya 5 mmol/L (90 mg/dL), kula kitu chenye wanga kabla hujaanza. Sukari ya kulamba iwe karibu nawe muda wote.

Hatua ya 3: Chukua kiti kisicho na magurudumu, ukiegemeze ukutani. Kaa mbele kidogo, mgongo wima, nyayo zote chini. Pumua taratibu kwa pua. Usibane pumzi hata mara moja.

Hatua ya 4: Inua visigino, vidole vibaki chini. Shusha. Inua vidole, visigino vibaki. Fanya hivyo mara 10 huku ukiitazama miguu, kwa sababu mguu wenye ganzi unaweza kubaki chini nawe ukadhani umepanda. Halafu nyoosha goti moja, vuta vidole vikuelekee, hesabu pumzi 3, badilisha.

Hatua ya 5: Mkono wa kulia kwenye goti la kushoto, geuza kifua polepole upande wa kushoto. Rudi katikati, fanya upande wa pili.

Hatua ya 6: Kusimama. Simama nyuma ya kiti, mikono yote miwili ikishika mgongo wake. Inua visigino, shusha. Ukizoea, fanya mti mdogo: kisigino cha mguu mmoja kiegemee kifundo cha mwingine, vidole vikiendelea kugusa sakafu. Macho yabaki wazi, maana ganzi ikishika nyayo, macho ndiyo yanayokushikilia usianguke.

Hatua ya 7: Rudi ukae, pumzika dakika 5, kisha kagua miguu tena. Mazoezi ya kukaa unaweza kuyafanya kila siku. Ya kusimama, mara 2 au 3 kwa wiki.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Usiku miguu inawaka moto. Naweza kuiloweka kwenye maji ya moto baada ya mazoezi?

Marahaba mwanangu. Usiiloweke. Utaungua na hutajua mpaka ngozi ibabuke. Chupa ya maji ya moto kitandani nayo iache. Jaribu hatua ya 4 kabla ya kulala, na umwambie daktari, maana dawa za maumivu ya mishipa ya fahamu zipo. Kama umemeza metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi, mwombe akupime vitamini B12. Ikipungua, nayo huleta ganzi.

Nimeambiwa mishipa ya damu ndani ya macho imeharibika. Mikao ya kuinamisha kichwa je?

Iache yote, pamoja na kunyanyua vitu vizito, mpaka daktari wa macho aseme ni salama. Kichwa kikiwa chini ya moyo, mkandamizo ndani ya jicho huongezeka.

Baba alikatwa vidole viwili vya mguu, kidonda kimepona. Aanze?

Aanze na ya kukaa. Kuhusu kusimama, anayemtibu mguu ndiye atoe ruhusa, na aangalie pia kama kiatu kinahitaji kujazwa pale vidole vilipokuwa.

Mwalimu, kila nikisimama napata kizunguzungu.

Baki kitini kwanza, dada. Kisukari huharibu hata mishipa ya fahamu inayoongoza moyo na presha, hivyo presha inaweza kushuka ghafla unapoinuka. Omba upimwe presha ukiwa umelala, kisha ukiwa umesimama. Jambo lingine: uharibifu huo unaweza kukuficha dalili za sukari kushuka, usitoke jasho wala moyo usikuende mbio. Kwa hiyo usingoje dalili. Pima kabla na baada ya mazoezi, na ukikuta chini ya 4 mmol/L (72 mg/dL), lamba vijiko vidogo 3 vya sukari, kaa dakika 15, pima tena.