"Break a leg": inasemwa lini, anaambiwa nani

Pale Bagamoyo msimu wa tamasha TaSUBa, kile chuo cha sanaa, inajaa wageni, sasa we ushajipaka rangi usoni, ngoma ziko pembeni ya moto zinakaza ngozi, zamu yenu ndo inaitwa, mara mgeni anakupiga bega anakwambia "break a leg". Vunja mguu! Usimnunie, anakuombea mambo yaende poa huko jukwaani.

Watu wa maigizo Uingereza na Marekani wana imani kwamba ukimtakia msanii heri waziwazi unamletea nuksi, kwahiyo wanatamka baya ili lije zuri. Sisi wa pwani hilo halitusumbui, si ndo yaleyale ya kumsifia mtoto wa watu bila kusema mashaallah, bibi yake anakukata jicho. Wajerumani nao wana ya kwao, hadi shingo wanavunja. Stori za ilikotoka ni nyingi na kila mtu anaapia yake, usipoteze bando huko.

Kuitumia sasa. Inasemwa kabla mtu hajapanda, akishashuka ni hongera tu. Na maneno usiyachezee, ukisema "break your leg" inasikika kama unamwapiza, na ukisema "I broke a leg jana" utaulizwa umefungwa POP hospitali gani. Wakiwa kundi zima ni ileile "break a leg, guys", usiwazidishie miguu. Akikwambia we jibu "thanks" basi, yameisha.

Anaambiwa mwigizaji, mwanamuziki, mchekeshaji, na siku hizi hata mtu anayeenda intavyuu au kuprezenti kitu mbele ya watu, ila awe mnazoeana, sio unamwandikia bosi barua rasmi unaichomeka. Mchezaji mpira mwambie "good luck" ya kawaida, bodaboda vilevile, na anayeenda kupasuliwa ndo usithubutu kabisa. Halafu kuna madansa, hasa wa balei, wao kuambiwa wavunje mguu wanaona ni uchuro maana miguu ndo ugali wao, wanaambiana "merde", ambalo kwa Kifaransa ni neno la chooni kabisa (eti hilo ndo la heri, haya).

Na usiitafsiri. Shangazi anaenda kuimba taarabu kwenye harusi we unamtumia meseji "kavunje mguu", hapo mtaitishiwa kikao cha ukoo, mwandikie tu kila la heri shangazi.