Kupanga mlo wa ubongo bila kupoteza virutubisho njiani

Kabla ya kununua kidonge cha kumbukumbu, tafuta kwanza kinachokosekana. Ubongo uliopungukiwa madini ya chuma, madini joto au vitamini B12 hudorora. Ila kumlundikia virutubisho mtu asiyepungukiwa hakumwongezei akili.

Chuma ndicho hupotea kirahisi zaidi mezani. Mwanamke anayepata hedhi anahitaji miligramu 18 kwa siku, mwanamume 8, mjamzito 27. Chuma cha nyama, maini na samaki hufyonzwa vizuri. Cha maharage, dengu na mboga za majani hufyonzwa kidogo, na chai ikinywewa pamoja na mlo hicho kidogo nacho hupungua, kwa kuwa tanini ya chai hukikamata tumboni kikatoka na choo. Kahawa ni vilevile. Fanya hivi:

1. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha pika kwa maji mapya. Hapo fitati zinazozuia chuma hupungua.
2. Kamulia limau kwenye sahani, au kula chungwa ama pilipili hoho mbichi papo hapo. Vitamini C husaidia chuma kufyonzwa.
3. Chai isubiri saa moja hadi mbili baada ya kula.

Vidonge vya chuma usimeze kwa kubahatisha. Pima damu kwanza. Viweke pasipofikiwa na watoto, kwani vingi kwa mpigo huweza kumuua mtoto.

Vitamini B12 inahitajika kidogo sana, mikrogramu 2.4 kwa siku kwa mtu mzima, lakini chanzo chake cha asili cha kutegemea ni nyama, samaki, mayai na maziwa. Asiyekula hivi kabisa ameze kidonge au ale vyakula vilivyoongezewa. Spirulina, aina ya mwani unaouzwa kama kirutubisho, haitoshi: sehemu kubwa ya B12 yake mwili hauwezi kuitumia. Wazee na wanaotumia metformin, dawa ya kisukari, kwa muda mrefu huweza kupungukiwa hata wakila nyama. Ganzi ya miguu pamoja na usahaulifu ni sababu ya kupima. Na hapa kuna mtego: asidi ya foliki (aina ya vitamini B) ikiwa nyingi huweza kurekebisha damu ya aliyepungukiwa B12 huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika, vipimo vya damu vya kawaida vikionekana safi.

Hilo lisimtishe mwanamke anayepanga kubeba mimba. Yeye anahitaji mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla. Mfereji unaounda ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga takriban siku 28 baada ya mimba kutungwa, wakati ambao wengi hawajajua kuwa ni wajawazito.

Kwa madini joto, tumia chumvi iliyoongezewa madini hayo, ihifadhi kwenye chombo chenye kifuniko mbali na unyevu na mwanga, na uitie chakula kinapokaribia kuiva. Usizidishe: gramu 5 za chumvi kwa siku ndiyo mwisho, kwa sababu shinikizo la juu la damu huumiza mishipa ya ubongo wenyewe.

Samaki wenye mafuta, kama sadini au salmoni, kula mara mbili kwa wiki, kama gramu 100 kila mara. Choma, pika kwa mvuke au tia kwenye mchuzi. Mbegu za kitani zina omega-3 pia, mafuta yaliyomo kwenye samaki hao, ila mwili hugeuza sehemu ndogo tu kuwa DHA, aina ambayo ubongo huitumia. Asiyekula samaki apate mafuta ya mwani. Mjamzito aepuke papa, ana zebaki nyingi.

Mboga za majani zipike dakika chache kwa maji kidogo, na mchuzi wake usimwagwe: foleti, yaani asidi ya foliki ya asili, imo humo. Kijiko cha chai cha mafuta husaidia luteini, rangi yenye faida iliyomo kwenye majani, kufyonzwa. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asibadili ghafla kiasi cha mboga hizi, kwa sababu ya vitamini K. Kuhusu mayai, wanaotupa kiini hutupa karibu kolini yote, kirutubisho ambacho ubongo hukihitaji, takriban miligramu 150 kwa yai kubwa.

Mtu akichanganyikiwa ghafla, mdomo ukapinda au mkono mmoja ukalegea, usimtafutie chakula wala maji. Hizo ni dalili za kiharusi. Mpeleke hospitali mara moja.