Kuagiza asidi za maabara ukiwa Lamu: safu ya "maelezo" ndiyo itakayokuponza

Fomu yenyewe haina ugumu. Unajaza ombi la idara, mkuu wa shule anatia sahihi, mhasibu anatafuta kotesheni tatu, LPO (hati rasmi ya kuagiza) inatoka, mzigo unapanda basi Mombasa, unashuka Mokowe, unavuka kwa boti, na punda anaumalizia hadi langoni. Kila mwalimu wa kemia kisiwani anaijua njia hiyo, na hata ukilala mlangoni kwa mhasibu haitafupika. Kinachoponza watu ni safu moja nyembamba katikati ya fomu, ile ya maelezo ya bidhaa. Itasomwa na mweka stoo, halafu mhasibu, halafu kijana wa dukani anayepanda ngazi kutafuta chupa, na kwa kawaida hakuna aliyesoma kemia kati yao. Wataleta kile ulichoandika, au kile kinachofanana nacho.

Wingi umalize haraka. Watahiniwa 60, kila mmoja nusu gramu ya yabisi, hiyo ni gramu 30. Chupa ya gramu 25 haitoshi, omba ya 100, kwa kuwa hakukosi wa kumwaga. Kazi kubwa iko kwenye jina.

Kanuni ya darasani unaijua: tafuta mnyororo mrefu zaidi unaobeba COOH, kundi linaloifanya iwe asidi, kaboni ya COOH yenyewe iwe namba 1, kisha hesabu. Kaboni moja ni methanoiki, mbili ethanoiki, tatu propanoiki, nne butanoiki. Matawi yapewe namba kuanzia upande huo huo. Wanaojikwaa ni wale wanaoona jina refu wakaamua kuandika fomula tu. Mtu aliyeandika C4H8O2 peke yake ameagiza angalau vitu vinne kwa mpigo: asidi ya butanoiki, asidi ya 2-methilipropanoiki, ethanoeti ya ethili na propanoeti ya methili. Viwili vya kwanza vinanuka kama samli iliyochacha, viwili vya mwisho vina harufu tamu ya matunda. Muuzaji atachagua kilicho karibu na mkono wake.

Tatizo la pili: jina la darasani halipo kwenye chupa. Silabasi inapenda ethanoiki na methanoiki, lebo zinasema asetiki na fomiki. Wala lebo haziko nyuma ya wakati, maana mapendekezo ya 2013 ya IUPAC, chombo cha kimataifa kinachopanga majina ya kemikali, yenyewe yameyapa kipaumbele majina ya zamani kwa asidi chache: fomiki, asetiki, oksaliki, benzoiki. Andika yote mawili, la sokoni kwanza. Kwa asidi ya sitriki usijisumbue kabisa na 2-haidroksipropani-1,2,3-traikaboksiliki. Ukiiandika hiyo kwenye fomu, mhasibu atakurudishia akidhani ni vitu vitatu tofauti, na kila kimoja kinataka kotesheni zake.

Sasa tufike kwenye ukoo wa "ma", ambako hela za shule hupotea. Yabisi ya jaribio la kikaboni mara nyingi huwa asidi ya maleiki, yaani sisi-butenidioiki. Ina kifungo maradufu kati ya kaboni mbili, hivyo inaondoa rangi ya maji ya bromini, na jaribio zima limejengwa juu ya hapo. Jirani zake ni hawa. Maliki ni 2-haidroksibutanidioiki, asidi ya tufaha, haina kifungo maradufu. Maloniki ni propanidioiki, nayo haina. Fumariki ni transi-butenidioiki: kifungo inacho, ila haitaki maji. Maleiki huyeyuka zaidi ya gramu 70 katika sentimita 100 za ujazo za maji ya joto la kawaida, fumariki hata gramu moja haifiki. Kati ya maleiki na maliki kuna herufi moja tu, na hapo ndipo simu inapopigwa kutoka Mombasa: "Mwalimu, maleiki imekwisha, lakini maliki ipo, ni kitu kimoja." Si kitu kimoja. Jibu ni "basi, asante, nitasubiri", na uhakikishe mhasibu naye amelisikia, kwa sababu simu ya pili atapigiwa yeye.

Dawa ya ugonjwa huu ni namba ya CAS, namba ya usajili ambayo kila kemikali ina yake. Iandike kando ya jina, kwenye safu ile ile, na isisitize kwenye LPO. Maleiki ni 110-16-7, fumariki 110-17-8, maloniki 141-82-2. Ukiogopa kwamba karani amekosea kunakili, namba inajikagua yenyewe. Acha tarakimu ya mwisho, zilizobaki zizidishe kwa 1, 2, 3 na kuendelea ukitokea kulia, kisha jumlisha. Kwa maleiki: 6×1, 1×2, 0×3, 1×4, 1×5, jumla 17. Tarakimu ya mwisho ya jumla ni 7, sawa na ile uliyoiacha. Isipolingana, rudisha LPO ipigwe upya kabla haijatoka getini.

Asidi ya oksaliki, yaani ethanidioiki, ina mtego wake: maji. Chupa moja ni kavu, uzito wa moli 90, CAS 144-62-7. Nyingine ina molekuli mbili za maji, uzito wa moli 126, CAS 6153-56-6. Maagizo yakisema gramu 6.3 kwa lita, yanakusudia ile yenye maji, na unapata 0.05 M, yaani moli 0.05 kwa lita. Ukipima gramu 6.3 za ile kavu umepata 0.07 M, na wanafunzi wote wa darasa watapata bureti zinazokubaliana vizuri sana kwenye jibu lisilo sahihi. Ukilazimika kutumia kavu, pima gramu 4.5. Na kwa unyevu wa huku pwani, chupa kavu iliyofunguliwa mwaka juzi usiihesabu tena kuwa kavu.

Kwa kemikali zinazotokana na asidi, mwisho wa jina ndio kila kitu, na mwisho ndio unaokatwa karani anapokosa nafasi. "Benzoiki" ni asidi, huyeyuka gramu 3 na kitu tu kwa lita ya maji baridi. "Benzoeti ya sodiamu" ni chumvi, huyeyuka bila mashindano. Ethanamaidi ni yabisi, ethanoeti ya ethili ni kimiminika kinachoshika moto upesi. Kloridi ya ethanoili na asidi ya kloroethanoiki zina maneno yaleyale yaliyopangwa vingine: ya kwanza hufuka moshi wa haidrojeni kloridi ikikutana na hewa yenye unyevu, ya pili ni yabisi inayounguza ngozi. Hakuna hata moja inayostahili kukaa botini karibu na magunia ya unga. Na anihidridi ya ethanoiki usiiandike kwa kuteleza kalamu ulipotaka asidi. Imo katika Jedwali la Kwanza la mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 wa kudhibiti dawa za kulevya, kwa kuwa hutumika kutengenezea heroini. Utaanza kuulizwa barua ambazo huna, na kemikali nyingine zote za LPO hiyo zitasubiri pamoja nayo.

Asidi ya ethanoiki tupu, ile ya lebo ya "glacial", agiza lita moja na uichanganye mwenyewe: sentimita 115 za ujazo ndani ya maji, kisha jaza hadi lita, unapata takriban 2 M. Hushika moto kuanzia nyuzi 39 hivi, kwa hiyo isipakiwe sanduku moja na asidi ya nitriki wala pamanganeti. Waandikie hivyo kwenye oda. Wakipakia wenyewe wataangalia sanduku lipi lina nafasi.

Mzigo ukifika, mweka stoo atakuwa na S13, hati ya kupokelea mali, mkononi na haraka ya kwenda kuswali adhuhuri. Mwombe asubiri. Soma namba ya CAS kwenye chupa, linganisha na LPO, angalia kizibo. Kama lebo imelowa chumvi ya bahari haisomeki, usibahatishe kwa joto la kuyeyuka, kwa kuwa maliki ya kawaida huyeyuka karibu na nyuzi 130 na maleiki karibu na 135, na kipimajoto cha shule hakitawatofautisha. Pima gramu 1.16, iyeyushe, tia fenolfthalini, na titresha kwa haidroksidi ya sodiamu 1 M. Maleiki itakunywa sentimita 20 za ujazo, maliki kama 17.3, maloniki kama 22.3. Fumariki nayo ingefika 20, lakini utakuwa umeshaiona imekaa chini ya maji kama mchanga. Kazi hiyo haizidi nusu saa.

Ikiwa siyo, usitie sahihi. Chupa iliyokwisha kuingia kwenye S13 ni mali ya shule, na nauli ya kuirudisha Mokowe itatafutwa kwenye bajeti ya idara yako.