Namna ya Kusoma Taarifa ya Ziara ya Waziri wa Mambo ya Nje

Waziri wa mambo ya nje anaporejea kutoka safari ya kikazi, taarifa ya wizara yake karibu kila mara husema kwamba mazungumzo yalifanyika katika hali ya maelewano. Sentensi hiyo iruke. Anza kusoma mwisho wa hati, kwenye saini.

Tuchukue mfano wa Ijumaa ya tarehe 27 Juni 2025, ambapo Thérèse Kayikwamba Wagner wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Olivier Nduhungirehe wa Rwanda walitia saini mkataba wa amani mjini Washington, mbele ya mwenzao wa Marekani, Marco Rubio. Pande zilizosaini ni mbili tu. Kundi la waasi la M23, lililoiteka miji ya mashariki mwa Kongo, Goma mwezi Januari na Bukavu mwezi Februari, halimo, kwa sababu lilikuwa likizungumza na Kinshasa kupitia mlango mwingine, huko Doha, chini ya usuluhishi wa Qatar. Kwa hiyo mkazi wa Goma aliyesikia redioni kwamba amani imesainiwa alikuwa na haki ya kuuliza imesainiwa na nani.

Baada ya saini, tafuta vitenzi. "Walibadilishana mawazo" na "walieleza wasiwasi wao" havimfungi mtu. "Watafanya", kikiambatana na tarehe, kinafunga. Hapo usiwe na haraka, maana neno moja linaweza kubeba mgogoro mzima. Mkataba wa Washington hauitaki Rwanda waziwazi iondoe wanajeshi wake. Unazungumzia kutenganisha majeshi na kuondoa "hatua za kujihami", jina ambalo Kigali yenyewe imekuwa ikilitumia kwa hatua zake za kijeshi, na jambo hilo linakwenda sambamba na kulimaliza nguvu kundi la FDLR, waasi wa Kihutu wa Rwanda walioko mashariki mwa Kongo. Kwa maoni yangu, ufundi wa wanadiplomasia ulionekana hapo kuliko kwingine kokote: kila waziri alirudi nyumbani na maneno anayoweza kuwaeleza watu wake.

Ndiyo maana ni lazima usome taarifa za pande zote mbili, uziweke bega kwa bega, na utie alama mahali ambapo upande mmoja umeandika aya nzima na mwingine umenyamaza. Kigali huanza na FDLR. Kinshasa huanza na mipaka na mamlaka ya nchi.

Mwisho, fungua kalenda. Mkataba ulitoa siku 30 za kuanzisha chombo cha pamoja cha uratibu wa usalama, yaani hadi 27 Julai, lakini kikao chake cha kwanza kilifanyika Addis Ababa mapema Agosti. Kwa kuondoa hatua za kujihami zilitolewa siku 90. Hesabu mwenyewe kuanzia siku ya saini, uandike 25 Septemba 2025 pembeni mwa aya hiyo, kisha uisome hati tena ukiilinganisha na yaliyokuwa yametendeka hadi siku hiyo.