Kupanga maboresho na matunzo ya bustani ya jiji: anza na maji, mabenchi yatafuata

Juzi nilikaa na kamati ya bustani ya umma, watu wenye nia safi kabisa, wakanitandazia mchoro mezani. Kulikuwa na chemchemi, jukwaa dogo, taa, na vitalu sita vya maua. Nikauliza: kichujio cha hiyo chemchemi atakisafisha nani, na kila baada ya siku ngapi? Wakatazamana. Tukakunja mchoro, tukatoka nje kutembea. Utaratibu tuliofuata ndio huu hapa, na ndio ninaoutumia kila ninapoitwa kusaidia kazi ya aina hii.

Hatua ya 1: Tembea

Asubuhi, mchana na jioni. Siku ya kazi na siku ya mapumziko. Nenda na mtu anayeifanya kazi ya bustani kila siku, na mwache atangulie yeye.

Hatua ya 2: Orodhesha kilichopo

Kila benchi, taa, bomba, pipa la taka, bembea na mti upate namba kwenye ramani na mstari wake kwenye jedwali. Programu za simu za kazi hii zipo, na nyingine ni nzuri, lakini mimi huanza na ramani kubwa ya karatasi na penseli. Karatasi inapita mikono mingi. Mtunza bustani asiyependa kuandika kwenye simu atachukua penseli na kukuonyesha bomba la zamani ambalo haliko kwenye mchoro wowote.

Usiandike "hali mbaya". Andika ulichokiona: "ubao wa tatu umeoza penye skrubu, mguu wa kushoto unacheza." Mtu atakayesoma baada ya miaka miwili ataweza kujua kama pameharibika zaidi au la.

Hatua ya 3: Fuata maji

Hatua hii iliwahi kunigharimu miezi, kwa hiyo nitaieleza kwa kirefu.

Kulikuwa na njia ya changarawe iliyokuwa ikichimbika mahali pamoja, karibu na lango la chini. Tuliitengeneza mara tatu. Kwanza tulijaza kifusi na kushindilia. Mara ya pili tulibadilisha changarawe, tukaleta kokoto zenye kona ili zishikane. Mara ya tatu tukajenga kingo za zege. Kila mvua kubwa ikipita, shimo linarudi palepale, upana wa karai.

Siku moja mvua ilinikuta nimeinama pale nalitazama. Mzee mmoja aliyekuwa akitunza vitalu vya juu akanijia na mwavuli wake. "Mwanangu, ugonjwa hauko hapo," akasema. "Nifuate." Tukapanda mwendo wa mita themanini hivi, hadi nyuma ya vyoo. Bomba la kuteremsha maji ya paa lilikuwa limechomoka kwenye kiungo. Maji yote ya paa yalimwagikia nyasi zilizokanyagwa mpaka udongo ukawa mgumu kama sakafu, hata tone halikuzama. Yaliteremka kama utepe wa rangi ya chai, yakaruka ukingo, yakaingia njiani. Kiungo kile kilirekebishwa kwa nusu saa. Njia haijachimbika tena.

Tangu hapo sikubali kupanga chochote kabla ya kuwa na ramani ya maji. Inatengenezwa hivi:

Toka wakati mvua inanyesha. Ukisubiri ikatike, utaona madimbwi tu, hutaona yametoka wapi. Chora mshale kila maji yanapotiririka na duara kila yanapotuama. Rudi siku inayofuata: duara ambalo bado lina maji baada ya saa 24 liwekee alama ya pekee.

Mvua moja haitoshi. Mvua ndogo itakuonyesha mteremko wa ardhi. Mvua kubwa itakuonyesha mitaro inayozidiwa. Ukiwa kwenye kipindi cha ukame, tafuta nyayo za maji: majani makavu yaliyojipanga mstari mmoja, mchanga laini uliolala juu ya nyasi, mizizi iliyovuliwa udongo upande wa juu wa mteremko, doa la tope ukutani. Unaweza pia kumwaga maji kwa mpira na kuyafuata, ila hiyo ni kwa sehemu ndogo tu.

Tembea na mpaka wa nje pia. Maji mengi yanayoharibu bustani hayakuanguka ndani yake. Yanatoka barabarani au kwenye paa la jirani.

Usihukumu mtaro kuwa ni mdogo kabla hujauzibua. Nimeona watu wakiomba fedha za mtaro mpya ilhali wa zamani umejaa tope hadi shingoni. Zibua kwanza, ngoja mvua, kisha pima.

Penye maji yanayotuama, jaribu udongo. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, liache linywe yote, kisha lijaze tena na usimamishe rula ndani. Maji yakishuka chini ya sentimita 2.5 kwa saa, udongo huo hauchuji vizuri na usitegemee kwamba bustani ya maua itaishi hapo bila kazi ya ziada. Lile jaribio la kwanza la kulowesha usiliruke, kwa sababu udongo mkavu hunywa haraka na kukudanganya.

Njia za miguu zipime kwa pimamaji na ubao ulionyooka wa mita moja. Kutoka upande mmoja wa njia hadi mwingine unataka mshuko wa kama sentimita 2 kwa kila mita: ukipungua, maji yanalala, ukizidi, kiti cha magurudumu kinavutwa pembeni. Kwa urefu wa njia, jitahidi usizidi sentimita 5 kwa mita, ili anayesukuma kiti hicho asihitaji msaada.

Neno moja juu ya mabomba. Popote nafasi inaporuhusu, mimi huchagua mtaro wa wazi uliooteshwa nyasi kuliko bomba la chini ya ardhi. Mtaro ukiziba unauona ukipita. Bomba likiziba utajua siku ya mafuriko. Na dawa yako isiwe kumsukumia jirani maji: hakikisha unajua yanaishia wapi.

Hatua ya 4: Linda miti na udongo

Kabla ya mkandarasi yeyote kuingia, weka uzio kuzunguka miti. Kipimo ninachokifuata kimo kwenye kiwango cha Uingereza, BS 5837 cha mwaka 2012: nusu kipenyo ya eneo la kulinda mizizi ni mara 12 ya kipenyo cha shina. Zungushia tepu shina kwenye kimo cha kifua, gawanya kwa 3.14. Mzingo wa sentimita 157 ni kipenyo cha 50, kwa hiyo mita 6 kila upande haziguswi: hakuna lori kuegeshwa, hakuna mchanga kumwagwa, hakuna mtaro wa nyaya. Mizizi mingi iko ndani ya sentimita 60 za juu, na gari moja likipita mara kadhaa kwenye udongo uliolowa linaufunga usipitishe hewa wala maji. Mti hautakufa wiki hiyo. Utaanza kukauka juu baada ya miaka kadhaa, wakati hakuna anayekumbuka lori lile.

Matandazo yawe unene wa sentimita 5 hadi 10, na yasiguse shina.

Hatua ya 5: Soma njia za mkato

Nyasi zilizolika kwa mstari mwembamba ni maoni ya watu mia, na hawakuhitaji dodoso. Usizizibe kwa miba wala kamba. Kama njia hiyo haipiti juu ya mizizi au penye maji, itandikie changarawe iwe njia halali.

Viti navyo vivyo hivyo. William H. Whyte, aliyechunguza viwanja vya New York kwa kuwatazama na kuwarekodi watu kwa kamera, aliona jinsi watu wanavyopenda kuhamisha kiti hata kwa hatua moja kabla ya kukaa. Bryant Park ya mji huohuo ilipofunguliwa tena mwaka 1992 iliwekewa viti vya kuhamishika. Penye ulinzi wa kutosha, ningeanza na hivyo kabla ya mabenchi ya zege.

Hatua ya 6: Geuza kila wazo kuwa saa za kazi

Ongeza safu moja kwenye jedwali: saa za matunzo kwa mwaka. Usikisie, simama na saa. Kitalu cha maua kinachochukua dakika 45 kwa wiki ni saa 39 kwa mwaka, yaani karibu wiki nzima ya kazi ya mtu mmoja. Vitalu sita vya ile kamati vilikuwa wiki sita, na walikuwa na watunzaji wawili ambao tayari walishindwa kumaliza majani makavu. Walibakiza viwili, vyote karibu na bomba.

Vifaa vya watoto viwe na ratiba yake. Kiwango cha Ulaya, EN 1176, kinataka ukaguzi wa macho wa mara kwa mara, ukaguzi wa kina zaidi kila baada ya mwezi 1 hadi 3, na ukaguzi mkuu kila mwaka. Ukiwa huna wa kuufanya, usinunue bembea.

Kisha gawa bustani katika maeneo, na kila eneo liwe na mtu wake. Central Park, bustani kubwa ya New York iliyokuwa imechakaa vibaya miaka ya 1970, iligawanywa katika maeneo 49, kila moja na mtunzaji anayewajibika kwalo. Mtu aliye na eneo lake ataliona bomba lililochomoka kabla yako.

Hatua ya 7: Panga miaka

Mwaka wa kwanza: maji na hatari. Wa pili: udongo, miti, njia. Wa tatu na kuendelea: vinavyopigwa picha. Wafadhili watakusukuma ugeuze mpangilio. Wapeleke wakaone shimo la njiani wakati wa mvua.

Ramani ya maji ibandike ndani ya mlango wa stoo ya vifaa, na penseli ining'inizwe kwa uzi kando yake. Kila mvua kubwa, aliyeko zamu aongeze mshale wake na tarehe.