Kumfundisha chalii wa Kichina kusoma na kuandika Kiingereza (na wako wa fomu tu akafaidi humo humo)

Ukiwa mwalimu wa twisheni hapa Chuga kuna siku simu inaweza kuita ukaambiwa kuna familia ya Wachina iko Njiro wana kijana wa sekondari wanataka Kiingereza chake kipigwe msasa, na wewe kwa njaa zako unasema sawa halafu unakaa usiku kucha unajiuliza utaanzia wapi. Mi ilinikuta mwezi wa saba, baridi la Arusha lile la kuvaa koti ndani ya nyumba. Baba yake yuko kwenye mambo ya ujenzi, dogo kaja likizo maana kwao likizo ndefu ni Julai na Agosti, ana miaka 16, ndio kwanza kamaliza mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu (kwao sekondari ya chini miaka 3, ya juu 3).

Na nyumbani nilikuwa na binti wa dada yangu, kidato cha pili, anasoma shule ya kutwa. Nikamwambia baba wa yule dogo wa Kichina amlete kwangu Sakina jioni na Jumamosi akae meza moja na huyu binti, nilitaka tu kubana muda wangu kusema ukweli. Kumbe ndio ilikuwa akili ya maana kuliko zote, manake wale watoto walikuwa wanakosea pale pale. Basi haya niliyoyaona ndio naandika hapa.

Kabla ya yote ijue pepa yao. Mtihani wa kuingia chuo kikuu kule unaitwa gaokao, huwa unaanza tarehe 7 Juni, na Kiingereza kina maksi 150 kati ya 750, sawasawa na hesabu, sawasawa na Kichina chenyewe. Kwenye pepa ya mtindo mpya kusikiliza ni 30, kusoma 50, kujaza nafasi na sarufi 30, kuandika 40, dakika 120 kwa yote. Kwahiyo ukichukua kusoma na kuandika tu una 90 hapo. Mzazi atakuambia anataka mtoto aongee, we mwitikie vizuri tu ila ujue dogo mwenyewe kichwani anawaza hizo 90.

Sasa maneno. Watoto wa Kichina wana orodha ya maneno kama 3500 ya kubeba mpaka mwisho wa sekondari, imepangwa kwa alfabeti, na neno la mwanzo mwanzo kabisa ni "abandon", yaani kuacha, kutelekeza. Kwao ni utani wa nchi nzima, mtu anafungua kitabu cha maneno kwa nguvu zote, anajifunza abandon, anakitelekeza kitabu, likizo ijayo anaanza tena na abandon. Dogo wangu neno hilo alikuwa analijua kwa tahajia, kwa matamshi, kwa maana, nikamwambia nitungie sentensi moja, akaganda. Binti naye ana daftari lake la msamiati, kulia Kiingereza kushoto Kiswahili, kurasa 30 hivi, kakremu, sentensi hakuna.

Nilichofanya nilificha orodha. Neno linatoka kwenye habari mliyosoma siku hiyo, matano tu, sio ishirini, na halilali bila sentensi mbili: ile mliyoikuta kwenye habari unaikopi kama ilivyo, halafu unatunga yako inayomhusu mtu unayemjua. Kesho yake unafunika unajaribu kuikumbuka, siku ya tatu tena, wiki ikiisha tena. Matano kwa siku ni kama 1800 kwa mwaka, hesabu sio mbaya hata kidogo, na haya yanaandikika.

Kusoma. Hapa nitakaa kidogo kwasababu ndipo wengi tunaharibu. Dogo alikuwa akikutana na neno asilolijua anasimama, anachomoa simu, anafungua Youdao ambayo ndio kamusi yao kubwa ya kwenye simu, anasoma, anarudi, ameshasahau sentensi ilikuwa inasemaje. Habari ya maneno 300 inamla dakika 40. Nikaweka sheria simu iko kwenye kabati la vyombo. Mara ya kwanza unasoma mpaka mwisho hata kama hujaelewa nusu, unapiga mstari wa penseli chini ya neno gumu na unapita, ukimaliza unaniambia kwa sentensi moja nani kafanya nini. Mara ya pili kwa sauti. Hii kwao sio ngeni, shule zao zina kipindi cha asubuhi cha kusoma kwa sauti darasa zima, kila mtu na lake, ila wanasoma kama watu wanaosali rozari, mdomo unakwenda akili iko kwenye chai. Mi nilikuwa namwambia asome sentensi moja halafu ainue macho, aniangalie, aiseme tena bila kutazama kitabu, akishindwa arudie. Mara ya tatu ndio maswali, na hapo ndio kamusi inatoka kabatini kwa yale maneno ambayo bado yanaziba njia, na niamini yatakuwa matatu manne tu, mengine yameshajieleza.

Kuna swali lao moja wanapewa habari yenye mapengo matano na sentensi saba, wachague tano, mbili ni za kupoteza lengo. Hili linafundisha kuliko komprihensheni yoyote niliyowahi kufundisha. Usisubiri past pepa, chukua Daily News au The Citizen la juzi, hata lile lililofungiwa maandazi kama halijalowa mafuta, kata habari fupi kwa mkasi sentensi moja moja, changanya mezani, ongeza mbili kutoka habari nyingine, waambie wapange. Watagombana. Waache wagombane kwa Kiingereza. Binti alikuwa anashika karatasi yenye "However" anasema hii haiwezi kuanza kwasababu inabishana na kitu na hicho kitu hakijasemwa, nikasema moyoni sasa wewe umeelewa aya ni nini.

Tuje kwenye makosa. Siku ya kwanza nilimwambia dogo aandike mistari mitatu kuhusu jana yake. Akaandika hivi, nimeitunza: "Yesterday my father go to the site, she is very tired, so we eat late." Binti akacheka mpaka akashika tumbo, baba amekuwa she. Nikamwambia haya leta la kwako tuone, kafungua, bibi yake mzaa baba anaumwa na kaandika "he is in hospital". Kicheko kikaisha.

Sababu ni moja kwa wote. Kichina kwenye maandishi kina herufi tofauti ya mwanamke na mwanaume ila mdomoni ni sauti moja, tā, na sisi tuna "yeye" na "a-" ya mwanzoni basi, mama anakuja baba anakuja. Kwahiyo kichwa hakijazoea kuuliza jinsia ndio kiseme. Hutibu hili kwa kulielezea, unatibu kwa kulitafuta. Akimaliza kuandika, anarudi na penseli anatafuta he na she tu, kila akikuta moja anachora mshale mpaka kwa mwenye nayo. Ukiona mshale umetoka kwa she umefika kwa father utacheka mwenyewe.

Kwenye wakati ndio tunawazidi. Kitenzi cha Kichina hakibadiliki, kwenda ni qù, jana ni qù, kesho ni qù, neno "jana" lenyewe linatosha kubeba kazi. Sisi -li- na -ta- ziko kwenye damu, hakuna Mswahili anayesema jana ninaenda. Ila cha ajabu mtoto wetu akihamia kwenye Kiingereza -li- anaiacha mlangoni. Nikawapa dawa moja wote: zungushia duara neno la wakati, Yesterday, halafu kila kitenzi kinachofuata kinapita kwenye hilo duara kama kinapita getini, go imekuwa went, is imekuwa was, eat imekuwa ate. Umeona hapo sentensi moja ilikuwa na vitenzi vitatu vibovu.

Kingine ni "although" na "but" kwenye sentensi moja, "because" na "so" kwenye sentensi moja. Kichina zinakwenda mbili mbili kama viatu, na sisi tunasema ingawa mvua ilinyesha lakini tulienda, hakuna anayeshangaa. Kiingereza kinataka kiatu kimoja. Na koma, jamani koma, Mchina anaunganisha sentensi sita kwa koma mpaka wazo liishe ndio aweke nukta, na nukta yao yenyewe ni kiduara. Sisi ndio usiseme, kama mimi hapa, ila mi siandiki pepa.

Usikague yote kwa mpigo. Mzunguko mmoja vitenzi, mmoja he na she, mmoja wingi, mmoja "a" na "the", huu wa mwisho ndio mgumu sababu Kichina hakina hivyo vidudu na Kiswahili hakina, samehe mengi hapo mwanzoni. Na usimwage wino mwekundu. Shule moja niliyowahi kufundisha daftari la mtoto lilikuwa linarudi kama limechinjiwa kuku, na ukiongea Kiswahili unavishwa kibao shingoni, matokeo yake darasa zima kimya, mtu anaona bora asiongee kabisa. Mi naweka nukta ndogo pembeni ya mstari wenye kosa, sisemi ni kosa gani, atafute. Akilipata analiandika kwenye daftari la makosa, upande mmoja alivyokosea, upande wa pili sahihi, chini sababu kwa lugha yake. Wachina wanalo hili daftari toka zamani kwenye hesabu na fizikia, we mwambie tu lile daftari lako la makosa tunalifungulia na Kiingereza, hatahitaji maelezo. Kaunta buku ya kwaya mbili inatosha.

Barua sasa. Kwenye gaokao wanaandika barua fupi au tangazo, maneno kama 80, maksi 15, na anayeandika karibu kila mara ni kijana mmoja anaitwa Li Hua. Hayupo duniani, ni wa kwenye pepa tu, miaka na miaka anamwandikia rafiki yake mzungu amkaribishe aje aone sherehe. Shida ya barua hizi ni mistari ya kukariri. Dogo alianza na "With the development of society". Binti yeye "I hope you are fine, the aim of this letter is". Nikachukua zote nikabandika ukutani nikasema hizi zimekufa, anayezitumia anaosha vyombo. Mkaribishe mtu Arusha sasa. Dogo akaandika kwamba asubuhi mlima Meru unaonekana kutoka dirishani ila kufikia saa nne wingu limeshaufunika hivyo rafiki asichelewe kuamka, nikampa vyote. Barua ina mambo matatu, kwanini nakuandikia, jambo lenyewe likiwa na kitu kimoja cha kuonekana kwa macho, na nataka ufanye nini. Basi.

Mwandiko nao ni maksi, wale wanaskani karatasi wanasahihishia kwenye kompyuta, ndio maana wengi wanaiga mwandiko wa duara unaofanana na chapa, unaitwa kwa jina la Hengshui, mji wa jimbo la Hebei. Dogo anao. Binti alianza kuuiga bila kuambiwa.

Halafu linakuja lile ninalolipenda, kuendeleza hadithi. Jimbo la Zhejiang ndio lilianza nalo 2016, sasa liko kwenye pepa ya mtindo mpya, maksi 25. Unapewa hadithi imekatwa katikati, na sentensi ya kwanza ya aya mbili, unamalizia kwa maneno kama 150. Hapa huwezi kuandika kama hujasoma, na huwezi kujidai umesoma kama huwezi kuandika, yaani vile vitu viwili shule inavyovitenganisha vipindi viwili vinakutana kwa lazima.

Niliwatungia yangu. Msichana kapanda kifodi Sakina anaenda mjini, kampa konda noti ya elfu tano, akashuka, kifodi kikaondoka na chenji. Aya ya kwanza inaanza amesimama kituoni anaangalia barabara. Dogo akaandika "She was very very sad and angry and worried." Nikamuuliza, mi niko ng'ambo ya barabara nauza parachichi, sijui Kiingereza, nitajuaje huyu msichana ana huzuni? Akakaa kimya muda mrefu, chai yake ikapoa. Akafuta. Akaandika "She opened her hand again, as if the money could come back." Sikugusa kitu hapo.

Kabla ya kuandika wapigie mstari maneno matano kwenye hadithi yenyewe ambayo lazima yarudi kwenye mwendelezo wao. Inawalazimisha kurudi kusoma, na inawazuia kuleta mjomba tajiri kutoka Dar aje amalize matatizo (binti alimleta, nikamrudisha na basi la jioni). Urefu msihesabu neno neno, hesabu mistari mitatu, tafuta wastani, jua 150 kwenye mwandiko wako ni mistari mingapi.

Dakika 40 kwa siku zinatosha, dogo akirudi kwao ana prepu ya usiku shuleni, hana nguvu za ziada. Na akirudi kule WhatsApp haifanyi kazi, kwahiyo fungua WeChat kabla hajapanda ndege, usisubiri. Wako mbele yetu masaa matano, akikutumia picha ya alichoandika saa tatu usiku kwao, huku ni saa kumi jioni, na shule nyingi haziruhusu simu hivyo tegemea wikiendi. Ukipokea picha safi haina hata mstari wa penseli, usiisome. Mrudishie, mwambie tuma ile yenye mishale.